Dakika, Siku, Wiki

Kisukari kina sifa ya ugonjwa wa polepole. Keti kwenye baraza yoyote uulize kinaua vipi, watakutajia miguu iliyokatwa, macho yaliyofifia na figo zilizochoka, na kila mmoja atakuwa na shangazi au mjomba wa kutolea mfano. Wanasema kweli. Lakini kisukari kina namna nyingine ya kumchukua mtu, na hiyo haingoji miaka. Kijana aliyekuwa mzima Jumatatu yuko taabani Alhamisi. Mama aliyekunywa chai na wenzake asubuhi, kabla ya adhuhuri haongei maneno ya kueleweka.

Hatari hizi za ghafla ni tatu, na kila moja ina mwendo wake. Sukari ikishuka, hesabu ni ya dakika. Asidi ziitwazo ketoni zikijaa kwenye damu, hesabu ni ya saa, na mara nyingi siku mbili tatu. Sukari ya mzee ikipanda kupita kiasi huku maji yakimwishia mwilini, hesabu yaweza kufika wiki. Kinachozifanya ziue si ugumu wa kuzitibu, kwani mbili kati yake zina tiba iliyojulikana tangu 1922. Zinaua kwa sababu zinavaa sura ya kitu kingine: ulevi, malaria, kifafa, mashetani, uzee. Kwa hiyo ninaloliamini kuliko jingine lolote katika sura hii nalisema mapema. Mtu yeyote aliyebadilika ghafla, awe amebadilika akili, pumzi au tabia, apimwe sukari kwanza. Kabla ya kipimo cha malaria, kabla ya kuulizwa amekunywa nini, kabla ya kisomo. Mashine nyingi za siku hizi hutoa jibu katika sekunde tano.

Sukari ikishuka

Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na hauna akiba ya maana. Hula sukari iliyomo kwenye damu saa ileile. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye mashine zetu, ambazo husoma milimoli kwa lita, mwili huanza kupiga kelele. Mikono hutetemeka, jasho la baridi hutoka, moyo huenda mbio, njaa isiyo ya kawaida hukamata, midomo hufa ganzi. (Mwenye mashine inayosoma miligramu ataona 70 mahali pa 3.9; kuhama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine ni kuzidisha au kugawa kwa 18.) Kelele hizo ni za adrenalini, na ni za heri, maana zinampa mtu nafasi ya kujiokoa akili ikiwa bado yake. Ikishuka chini ya 3.0, ubongo wenyewe ndio unaokosa. Mtu hubisha bila sababu, hucheka au kulia, ulimi humwia mzito, huyumba, na jambo linalowachanganya wengi, hukataa kabisa kusaidiwa. Baada ya hapo ni degedege na kuzimia.

Sasa mtazame mtu huyo kwa macho ya asiyemjua. Chukua dereva wa bodaboda aliyechoma insulini yake saa kumi na mbili asubuhi, akanywa chai ya rangi na andazi moja kwa kuwa abiria alikuwa anamngoja, kisha akapiga safari mpaka saa sita bila kula. Akisimama kijiweni anayumba, anatukana na jasho linamtiririka. Askari atasema kalewa. Wenzake watasema kavuta. Akianguka na kutupa miguu, mpita njia atasema kifafa, na kule Pwani hatakosekana wa kusema kapandisha maruhani. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mjinga. Kila mmoja anasoma alichokizoea. Ila zile dakika wanazobishania ndizo anazozihitaji. Na kama kweli alikunywa bia, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya ya kuziba pengo. Mnywaji aliyelala bila kula aweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye, alfajiri, wakati hakuna anayekumbuka ya jana.

Kushuka huku kwa sukari kulionekana pamoja na insulini yenyewe. James Collip, mkemia aliyekuwa akiisafisha dawa hiyo mjini Toronto mwishoni mwa 1921 na mwanzoni mwa 1922, aliijaribu kwa sungura. Wale waliopata nyingi waliingia degedege na kulala kama waliokufa. Walipodungwa maji ya sukari, waliinuka wakaanza kutembea. Yuniti ya insulini tunayoihesabu kwenye bomba la sindano leo ilianza kupimwa kwa sungura hao, kwa kuangalia ni kiasi gani kinachoshusha sukari ya mnyama mwenye njaa mpaka karibu na degedege. Yaani dawa hii tangu siku yake ya kwanza ilipimwa kwa madhara yake, na dawa ya madhara hayo ilikuwa sukari ya kawaida.

Si kila mwenye kisukari yuko katika hatari hii. Anayetumia metformini peke yake hashukiwi na sukari kirahisi. Walio hatarini ni wanaochoma insulini na wanaomeza vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, hasa glibenklamidi, kidonge ambacho kimetibu Afrika Mashariki kwa miaka mingi kwa sababu ni cha bei nafuu. Nina ugomvi na kidonge hiki, na ugomvi wenyewe ni kuhusu wazee. Hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa zimechoka hukaa zaidi. Bibi wa miaka 75 ambaye hamu ya kula imepungua lakini kidonge chake hakijapungua anaweza kushuka, akapewa chai ya sukari, akazinduka, familia ikamshukuru Mungu na kulala, kisha akashuka tena saa nane za usiku. Shirika la Afya Duniani lilishaweka gliklazidi mbele ya glibenklamidi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013, na kuonya kuwa glibenklamidi haifai kwa waliopita miaka 60. Mzee aliyezimia kwa kidonge cha aina hii asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ameamka. Alazwe na kupimwa sukari tena na tena kwa siku nzima au zaidi.

Upande wa insulini, kisa cha kawaida ni mlo. Wengi wetu tunapewa ile ya mchanganyiko ya 70 kwa 30, asubuhi na jioni. Ukishaichoma asubuhi umeshajifunga kula mchana, maana sehemu yake ya polepole inafika kileleni saa zile zile ambazo mtu yuko kwenye foleni ya benki au bado yuko shambani. Mkulima anayechoma kiasi chake cha kila siku, kisha akaenda kupalilia siku ambayo hajazoea, hushuka mara mbili: misuli inakunywa sukari akilima, na inaendelea kuijaza akiba yake usiku. Shuka zilizolowa jasho, ndoto za kutisha na kichwa kizito asubuhi ni dalili za sukari iliyoshuka usingizini. Malaria kali nayo hushusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito, na kwinini iliyotumika zamani kuitibu ilizidisha tatizo kwa kuchochea insulini.

Tiba ni rahisi kiasi cha kudharaulika. Kama mtu ana fahamu na anaweza kumeza, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari inayokwenda haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji kidogo, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, au kijiko kimoja cha chakula cha asali, au glukosi ya unga ya dukani. Soda iwe ya kawaida. Ile isiyo na sukari haina msaada wowote hapa. Subiri dakika 15, pima. Kama bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda ndipo ale chakula chenyewe, ugali au mkate au ndizi, ili isishuke tena.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kumpa chakula kwanza, chapati na maharage au glasi ya maziwa au chokoleti. Mafuta na protini huchelewesha sukari tumboni, na mtu anaweza kuzimia mkate ukiwa mkononi. La pili ni woga. Ndugu aliyefundishwa kwa miaka mitano kuwa sukari ni sumu kwa mgonjwa wake anasita na kijiko mkononi. Asisite. Hata pale ambapo hakuna mashine, na mgonjwa wa insulini au wa vidonge kama glibenklamidi anatoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe sukari. Kama kumbe sukari yake ilikuwa juu, vijiko vinne havitabadili mengi. Kama ilikuwa chini, umemrudisha. Kinyume chake hakina ruhusa kabisa: usimchome insulini mtu aliyezimia kwa kudhania tu, eti kwa vile ni mgonjwa wa sukari basi lazima imepanda.

Aliyezimia hapewi kitu cha kunywa, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu. Sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji inaweza kupakwa kidogo ndani ya shavu au kuwekwa chini ya ulimi, njia ambayo Shirika la Afya Duniani linaielekeza kwa watoto pale mshipa unapokosekana, lakini hilo ni la kufanya gari likiwa njiani, si badala ya gari. Hospitalini atapewa dripu ya sukari. Ipo pia sindano ya glukagoni ambayo ndugu anaweza kuichoma nyumbani ikaliamuru ini kumwaga akiba yake. Ni dawa nzuri, ila katika maduka mengi ya dawa ya kwetu utaambiwa haipo, na ikiwepo bei yake itakushangaza.

Kuna wagonjwa wa miaka mingi ambao kelele za adrenalini zimekwisha kunyamaza. Kila mshuko unaujengea mwili mazoea, mpaka mtu anafika 2.5 akiwa anapiga soga. Dawa za presha za kundi la propranololi nazo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo, ingawa jasho hubaki. Mtu wa namna hii anahitaji mashine kuliko mwingine yeyote, na anahitaji mke au mume, kondakta au mwalimu anayejua. Asipande pikipiki wala gari kabla ya kupima. Waingereza wana sheria ndogo kwa madereva wao wa insulini, kwamba tano ndiyo namba ya kuwasha injini, na sioni kwa nini tusiiazime.

Njaa katikati ya shibe

Hatari ya pili inaitwa ketoasidosisi, na kuielewa kunasaidia zaidi kuliko kukariri dalili zake. Bila insulini, sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli. Seli zinaona njaa. Mwili unaamini kuna ukame na unaanza kuyeyusha mafuta yake, kama mtu anayebomoa nguzo za nyumba apate kuni wakati ghala la mkaa limejaa ila funguo zimepotea. Mafuta hayo ini linayageuza ketoni, na ketoni ni asidi. Wakati huohuo sukari ikishapita takriban 10, figo zinashindwa kuirudisha, inatoka na mkojo, na inavuta maji pamoja na chumvi za mwili. Mtu mzima wa kilo 60 anaweza kufika hospitali akiwa amepungukiwa na lita sita.

Dalili zote zinatoka humo. Kiu isiyoisha na mkojo usioisha. Kukonda kwa kasi. Kichefuchefu, kutapika, na maumivu ya tumbo makali kiasi kwamba wapo waliopelekwa kwa daktari wa upasuaji kwa kudhaniwa kidole tumbo. Pumzi inanuka kama matunda yaliyooza, au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kisha kuna ile pumzi yenyewe, nzito na ya haraka, isiyopumzika, kama ya mtu aliyepanda mlima ilhali amelala kitandani. Adolf Kussmaul, tabibu Mjerumani, aliieleza mwaka 1874 alipowatazama wagonjwa wakielekea kuzimia, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Anayepumua hivyo hana tatizo la mapafu. Mwili unajaribu kuitoa asidi kwa njia ya hewa.

Kwetu sura hii inafichwa na majina matatu maarufu: malaria, taifodi na UTI. Fikiria mtoto wa miaka tisa. Kwa wiki mbili amekuwa akinywa maji mengi na ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Anachapwa au anachekwa. Anaambiwa ana UTI kwa sababu anakwenda chooni kila mara, anapewa antibayotiki. Bibi yake anaona sisimizi wamezunguka mahali alipokojoa, anashangaa, anafagia. Wiki inayofuata mtoto anatapika na anahema. Kipimo cha malaria kinaonyesha ndiyo, kwa sababu anaishi mahali ambapo watoto wengi wana vimelea, na dawa ya mseto inaanzishwa. Hiyo malaria yaweza kuwepo kweli. Lakini siyo inayomuua. Kwa watoto wengi wa kisukari cha aina ya kwanza, mara ya kwanza kujulikana kuwa wanaumwa ndiyo hiyo ya ketoasidosisi, na wasiojulikana hawamo kwenye hesabu yoyote, wamezikwa kwa jina la ugonjwa mwingine. Kijiti cha mkojo cha bei ndogo, kile kinachopatikana kwenye vituo vingi vya afya, kinaonyesha sukari na ketoni kwa pamoja.

Donald McLarty na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari jijini Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987. Miongoni mwa waliohitaji insulini, vifo viliongozwa na ketoasidosisi na maambukizi. Nautaja utafiti huo wa zamani kwa sababu unatukumbusha kuwa tulikuwa na wagonjwa waliojulikana, walioandikishwa kliniki, na bado walikufa kwa kitu chenye tiba. Sababu hazijabadilika sana. Insulini imeisha na nauli ya kliniki haipo. Chupa imekaa juu ya kabati chini ya bati. Mchungaji au mganga ametangaza kuwa mtu amepona, na sindano zimeachwa kama ushahidi wa imani. Juu ya zote kuna sababu moja ambayo hata wauguzi huikubali: mgonjwa ana homa, hali chochote, na ndugu wanasema asichome leo kwa kuwa hana chakula tumboni.

Hapa ndipo penye hatari. Ugonjwa wowote, iwe nimonia, jipu au kuharisha, unauamsha mwili utoe homoni zinazopandisha sukari hata kama mtu hajala. Mahitaji ya insulini mara nyingi huongezeka siku hiyo. Mwenye aina ya kwanza haachi kabisa insulini yake ya polepole, hata siku asiyokula. Kiasi kinaweza kubadilishwa kwa ushauri wa daktari, lakini kisiwe sifuri. Apime sukari kila saa nne, usiku pia. Anywe maji kwa wingi kidogo kidogo, na kama hawezi kula basi apate uji mwepesi au hata soda kwa mafundo, ili insulini iwe na cha kufanyia kazi. Metformini ni kinyume: anayetapika na kukauka maji aisimamishe mpaka apone. Kama anatapika bila kukoma kwa saa kadhaa, kama pumzi imebadilika, kama usingizi unamvuta mchana, au kama ketoni zipo na sukari haiteremki, aende hospitali bila kungoja kupambazuke.

Kwenye hospitali tiba ya kwanza ni maji, kabla ya kitu kingine. Dripu za chumvi zinaanza, ndipo insulini inafuata kwa kipimo kidogo kila saa. Kati ya hivyo viwili kuna potasiamu, na watu wa nje ya tiba hawaioni. Insulini inaisukuma potasiamu ndani ya seli. Kama ya damu ilikuwa chini tangu mwanzo, moyo unaweza kusimama huku sukari ikishuka vizuri. Kwa hiyo madaktari huipima kwanza, na ikiwa chini mno huiongeza kabla ya insulini. Kwa mtoto maji hurudishwa taratibu kwa siku moja hadi mbili, maana ubongo wake unaweza kuvimba. Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini ketoasidosisi haitibiwi nyumbani kwa kuongeza yuniti, na kwa nini anayemhamisha mgonjwa kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya asiondoke bila dripu ya maji mkononi mwa mgonjwa. Mashine ikishasoma 9 au 10 ndugu hufurahi na kutaka kwenda nyumbani. Asidi bado ipo. Dripu ya sukari huongezwa wakati huo ili insulini iendelee mpaka ketoni zimalizike.

Kabla ya 1922 karibu kila aliyefika hatua hii alikufa. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na kilo zisizofika 30, alichomwa dondoo la kongosho Toronto tarehe 11 Januari mwaka huo. Halikumsaidia kitu cha maana, likamwachia jipu. Collip alirudi kulisafisha, na tarehe 23 Januari alichomwa tena. Sukari ilishuka, ketoni zikatoweka kwenye mkojo. Aliishi mpaka 1935. Kwa namna fulani mgonjwa wa kwanza wa insulini duniani alikuwa mgonjwa wa ketoasidosisi, na wale watoto wetu wanaotapika na kupewa dawa ya mseto wangali wanaingoja Januari hiyo.

Juu ya chupa ya insulini na joto kuna habari njema ambayo haijasambaa inavyostahili. Maandishi ya kwenye boksi husema nyuzi 2 hadi 8, na kwa asiye na friji hilo limekuwa kama hukumu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako kwa siku linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto hilohilo. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Kabla ya hapo wagonjwa wa kambini walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa. Hii haina maana ya kuiacha juani au kwenye dashibodi ya gari. Chungu cha udongo chenye mchanga mbichi, kivulini, kinatosha kwa chupa inayotumika mwezi huo. Iliyoganda kwenye friza hutupwa, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri.

Mzee na kiu

Ya tatu nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa chanzo chake ni kilekile, ila mwendo ni wa polepole na mgonjwa ni mwingine. Ni mzee wa kisukari cha aina ya pili, wakati mwingine asiyejua kuwa anacho. Insulini kidogo aliyonayo inatosha kuzuia ketoni, kwa hiyo hatapiki mapema wala hahemi. Sukari inapanda tu, siku baada ya siku, ikipita 33, namba ambayo mashine nyingi huacha kuhesabu na kuandika "HI". Anakojoa mpaka anakauka. Upungufu unaweza kufika lita tisa. Anaweza kupooza upande mmoja kama wa kiharusi, anaweweseka, analala. Familia inasema ni uzee.

Kinachoniudhi hapa ni wema. Mzee ana kiu, analetewa soda baridi na juisi ya pakiti. Ameishiwa nguvu, mgeni anakuja na glukosi. Anakojoa usiku, anapunguziwa maji ili watu walale. Kila tendo ni la upendo na kila tendo linamsogeza. Anayefika hospitali katika hali hii hufa kwa kiwango kikubwa kuliko wa ketoasidosisi, kwa sababu ni mzee, amechelewa, na mara nyingi nyuma yake kuna nimonia, kidonda cha mguu au moyo ulioshtuka kimyakimya. Tiba ni maji, mengi na kwa uangalifu. Kinga ni maji matupu mezani, na kidole kuchomwa siku mzee anapoanza kusinzia mchana.

Mwezi wa funga

Hakuna wakati unaozikutanisha hatari hizi kama Ramadhani. Utafiti uliofanywa katika nchi 13 mwaka 2001 uliona kuwa kushuka kwa sukari kulikohitaji hospitali kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili ikilinganishwa na miezi mingine. Jioni nako kuna upande wake wa juu: mihogo ya nazi, viazi vitamu, kaimati zinazong'aa shira, na sukari inayolala juu mpaka daku. Mwenye aina ya kwanza, mjamzito anayechoma insulini, mwenye figo dhaifu na aliyezimia kwa sukari miezi mitatu iliyopita, wote hushauriwa wasifunge.

Wengi watafunga hata hivyo, na kuwagombeza hakujamwokoa mtu. Bora wajue masharti. Wanazuoni wengi wamekubali kuwa kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Daku iliwe mwishoni kabisa mwa wakati wake. Kiasi cha dawa cha asubuhi na cha jioni havibaki vilevile, kwa kuwa mlo mkubwa umehamia magharibi. Anayeendelea na kiasi cha Shaabani anatafuta kuanguka saa tisa alasiri. Na ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, saumu inafunguliwa papo hapo, hata kama adhana imebaki nusu saa, kisha siku hiyo hulipwa au kutolewa fidia kama sheria inavyoelekeza. Mwongozo wa kimataifa unataka mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, yaani Rajabu, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha kidonge, kujaribu kiasi kipya na kununua vijiti vya kupimia vya kutosha siku 30.